Uliza Fundi: Video Inakwama, Nifanyeje?

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: video za HD na 4K zinazoganda, kuruka au kutetemeka kwenye kompyuta ya nyumbani. Wengi walioandika tayari wameshauriwa dukani wanunue kitu fulani. Kabla ya kufungua pochi, fungua faili lenyewe uone lilivyobanwa. Jibu la kwanza ni refu kwa sababu majibu mengine yanaliegemea.

Habari zenu mafundi. Nina HP EliteDesk 800 G1 ex-UK niliyonunua Luthuli Avenue, ile nyembamba. Ni Core i5-4570, RAM 8GB, Windows 10. Filamu za 1080p zinacheza bila taabu. Tangu ninunue TV ya 4K, mafaili ya 4K yote yanakwama: picha inaganda, sauti inaendelea, kisha picha inaruka mbele kuikimbilia sauti. Muuzaji anasema niongeze RAM ifike 16GB na niweke SSD. Nimsikilize? – Msomaji, Umoja

Kwa shida hii, usimsikilize. Picha ikiganda huku sauti ikisonga, kazi ya kusimbua picha, yaani kuifungua ilivyobanwa, ndiyo iliyozidiwa. Sauti ni kazi nyepesi na haichelewi. Programu ikiona picha imeachwa nyuma hutupa fremu kadhaa ili iifikie. RAM haina mkono hapo, maana filamu moja haimalizi 8GB ulizo nazo. Diski nayo ipigie hesabu. Faili zito la 4K huenda kwa megabiti 60 hivi kwa sekunde. Gawanya kwa 8, unapata megabaiti 7.5. Hata diski ya zamani inayozunguka, ikiwa nzima, husoma mara kadhaa ya hizo. SSD itaifanya Windows iwake upesi, na kwa hilo ina thamani yake, lakini filamu itakwama vilevile.

Fungua faili kwa VLC kisha ubonyeze Ctrl+J. Tafuta mstari wa kodeki, yaani namna video ilivyobanwa. Jina kuishia na .mkv au .mp4 hakukuambii lolote kuhusu hilo: MKV ni gunia tu, na gunia halisemi kama ndani mna mahindi au maharagwe. Utakuta H.264 (kiwango cha 2003), HEVC ambayo pia huitwa H.265 (2013), VP9, au AV1 (2018). Kadiri kodeki ilivyo mpya ndivyo faili linavyopungua ukubwa kwa ubora uleule, na ndivyo kulisimbua kunavyohitaji kazi zaidi. Ndiyo maana faili la GB 3 linaweza kuitesa mashine iliyocheza la GB 10 bila jasho. Pata pia MediaInfo, programu ya bure, uangalie mstari wa "Bit depth", yaani kina cha rangi. Utasema 8 au 10. Filamu za 4K zenye HDR (mwanga na rangi pana zaidi) kwa kawaida ni biti 10, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Sasa tazama chipu. Kompyuta husimbua kwa njia mbili: kwa nguvu za jumla za prosesa, au kwa sehemu maalumu ndani ya chipu ya grafiki iliyotengenezwa kwa kodeki fulani. Sehemu hiyo ikiwepo, 4K hucheza prosesa ikiwa imetulia. Isipokuwepo, hakuna mpangilio wa programu utakaoileta. Kwa Intel, H.264 ya kawaida ilikuwa tayari inasimbuliwa hivyo kwenye kizazi cha 2 kilichotoka 2011. HEVC ya biti 8 ilikuja na kizazi cha 6, HEVC ya biti 10 pamoja na VP9 kizazi cha 7, na AV1 kizazi cha 11. Kizazi unakisoma kwenye namba ya prosesa: i5-4570 ni cha 4, i5-7500 ni cha 7. Usikisome kwenye jina la mashine. EliteBook 840 G3 ina prosesa ya kizazi cha 6, na hiyo G1 yako ni ya kizazi cha 4. Kuna wauzaji wanaochanganya hesabu hizo mbili, na si wote wanaochanganya kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo i5 yako inasimbua HEVC ya biti 10 kwa nguvu za prosesa peke yake. Kwa 1080p inatosha. Kwa 4K viini vyote vinne vinafika asilimia 100 na bado havitoshi.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kutia kadi ya grafiki. Kasha lako ni jembamba na pawasaplai yake ni ya wati 240, kwa hiyo unataka kadi fupi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. GT 1030 inakidhi: inakula wati 30 hivi kutoka kwenye soketi yenyewe, inasimbua HEVC ya biti 10 na VP9, na ina HDMI 2.0 inayotoa 4K kwa 60Hz (michoro 60 kwa sekunde). Chagua yenye kumbukumbu ya GDDR5, si DDR4, na uhakikishe sandukuni mna kile kibati kifupi cha kuishikia. Bila hicho kasha halifungi. Usikubali GT 710 wala GT 730 hata ukiambiwa zina GB 4. GB hizo hazisimbui kitu, na kadi hizo mbili hazina sehemu ya HEVC kabisa. Kabla ya kulipa, omba kadi iwashwe na GPU-Z ifunguliwe: kuna kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani ya chipu, na programu hiyo huandika neno FAKE inapozigundua.

Njia ya pili ni kuiuza hiyo na kuongeza pesa upate mashine ya kizazi cha 7 au zaidi. Kama mashine inatumika kwa kazi nyingine pia, sisi tungechukua hii ya pili.

Ukitia kadi, chomeka waya wa TV kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la bodi. Kosa hili ni la kila siku: kadi inakaa bure na mtu anarudi dukani kugomba. Ndani ya VLC bonyeza Ctrl+P, ingia "Input / Codecs", na kwenye "Hardware-accelerated decoding" uchague Direct3D11. Cheza filamu, fungua Task Manager, ukurasa wa Performance, kisha GPU. Mchoro wa "Video Decode" ukipanda na wa CPU ukishuka, kazi imehamia panapotakiwa. Na kama kwa sasa unatumia adapta ya kawaida ya DisplayPort kwenda HDMI, ile isiyo na chipu ndani, jua kwamba kwa 4K haikupi zaidi ya 30Hz.

Laptopu yangu ni Dell Latitude E7450. Filamu inaanza vizuri, lakini ikifika dakika ya 20 hivi inaanza kukatakata mpaka mwisho. Nikiizima ikapumzika, inarudi sawa. – Mama wawili, Kahawa West

Mama, hilo ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi isiungue, na dakika 20 ni muda wa kutosha kwa vyuma kujaa moto. Weka programu ya HWiNFO, chagua "Sensors", cheza filamu na utazame nyuzi za CPU. Zikikaa juu ya 90, fungua mgongo wa laptopu. Kati ya feni na zile pezi za shaba utakuta utando wa vumbi kama kipande cha blanketi, hasa mkikaa karibu na barabara isiyo na lami. Shika feni kwa kidole isizunguke, kisha upulize kwa blowa kutoka upande wa pezi kuelekea feni. Ukiiacha feni izunguke kwa upepo wa blowa inaweza kuharibika. Kama mashine ina miaka mitano bila kufunguliwa, pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka. Futa ya zamani kwa spiriti na uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Na msiiweke juu ya kitanda: matundu ya hewa yako chini.

Kwa wenye Dell wengine: kukwama kukianza dakika ya kwanza badala ya ya 20, kagua chaja. Chaja za Dell zina pini nyembamba katikati inayoitambulisha kwa laptopu. Chaja ya bandia, au halisi yenye waya uliokatika ndani, haitambuliki. Mashine huandika ujumbe wakati wa kuwaka kwamba aina ya adapta haijulikani, huacha kuchaji betri, na hushusha kasi ya prosesa vibaya sana. Chomoa chaja ucheze kwa betri. Ikicheza laini, tatizo mmelipata.

Prosesa yangu iko asilimia 8 tu, VLC inaonyesha fremu zilizopotea ni sifuri, lakini kamera ikizunguka polepole kwenye mandhari picha inatetemeka. Watu nyumbani wanasema nawaza tu. – Msomaji, Lang'ata

Huwazi, na kompyuta yako haina kosa. Filamu nyingi za sinema zina fremu 24 kwa sekunde (kwa kweli 23.976), na TV yako inachora mara 60. Ishirini na nne haiingii 60 sawasawa, hivyo fremu moja inakaa michoro miwili, inayofuata mitatu, tena miwili, tena mitatu. Jicho linaikamata tofauti hiyo kamera inapotembea polepole. Vipindi vilivyopigwa kwa utaratibu wa televisheni ya Kenya vina fremu 25, na kwenye 60Hz hali ni mbaya zaidi kwa sababu mpangilio wenyewe hauna mdundo.

Dawa ni kubadilisha mchoro wa TV ufuate filamu. Kwenye Windows nenda Settings, System, Display, kisha "Advanced display", na uchague 23.976Hz kwa filamu za sinema au 50Hz kwa vitu vya fremu 25. Kati ya 23.976 na 24 chagua ya kwanza ikiwepo. Ukichukua 24 kamili, kila baada ya sekunde 42 hivi fremu moja italazimika kurudiwa. Ukichoka kubadilisha kwa mkono, programu ya kuchezea video ya MPC-HC ina sehemu ya "Fullscreen" ndani ya mipangilio yake inayofanya hivyo yenyewe. Skrini nyingi za laptopu zina 60Hz tu. Huko tumia mpv, programu nyingine ya kuchezea video, na ndani ya faili lake la mpv.conf uandike mstari huu:

video-sync=display-resample

Hautaondoa mpangilio wa mbili-tatu, ila utazuia mitikisiko mingine inayokuja juu yake.

Kanisani kwetu tuna kompyuta ya Core 2 Duo inayolisha projekta. Nyimbo za video za 1080p zinakwama katikati ya ibada. Hatuna bajeti mwaka huu. – Kijana wa mitambo, Dandora

Ndugu, soma kwanza kibandiko cha projekta. Projekta nyingi za bei nafuu zina nukta 1024×768 au 1280×800, maana yake hata 1080p ikicheza vizuri inapunguzwa ndipo ionekane ukutani. Mnaitesa mashine kwa nukta ambazo hakuna muumini anayeziona. Siku ya Jumamosi, kwenye kompyuta yoyote yenye nguvu kidogo, pitisha nyimbo hizo kwenye HandBrake, programu ya kubana video upya, kwa mpangilio wa "Fast 720p30" na mzihifadhi kwenye diski kuu ya mashine ya kanisa.

Wimbo ukiletwa Jumapili asubuhi kwa flashi na hakuna muda, fungua VLC, Ctrl+P, "Input / Codecs", na kwenye "Skip the loop filter for H.264 decoding" uchague All. Kichujio hicho hulainisha kingo za vipande vya picha. Ukikiruka, picha inakuwa na miraba kidogo lakini prosesa inapata nafuu kubwa. Core 2 Duo na HEVC ya 1080p msijaribu kuzipatanisha. Zimeni pia skani ya antivairasi iliyopangwa asubuhi hiyo. Ina tabia ya kuanza wakati wa sadaka.

Napiga video za harusi. Kompyuta yangu ni i7 kizazi cha 8 na GTX 1650. 4K ya simu inacheza, 4K ya kamera yangu mpya inakwama, na zote mbili MediaInfo inasema ni HEVC. Wateja nao wanalalamika kuwa faili halifunguki kwao. – Dada wa Roysambu

Dada, teremka mistari michache zaidi kwenye MediaInfo mpaka "Chroma subsampling". Simu itasema 4:2:0. Kamera yako karibu hakika itasema 4:2:2, biti 10. Kamera huhifadhi rangi zaidi ili uweze kuzirekebisha baadaye, lakini GTX 1650 haina njia ya kusimbua 4:2:2, na i7 ya kizazi cha 8 pia haina. Kwa Intel, kizazi cha 11 kinaiweza kwa HEVC. Ukichagua H.264 ya biti 10 kwenye menyu ya kamera hujajiokoa, maana hiyo kadi nyingi haziigusi. Kwa uhariri, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi, za 1080p ndani ya programu yako, uhariri kwa hizo, na mwisho utoe kwa mafaili halisi. Kununua kompyuta mpya si lazima.

Mteja usimpe kamwe faili la kamera. Mpe H.264, biti 8, 4:2:0, 1080p, ndani ya MP4. Hiyo inafunguka kwenye simu, TV na laptopu ya mjomba. Kwa FFmpeg, programu ya kubadilisha video kwa amri za kuandika, baada ya kusahihisha rangi:

ffmpeg -i harusi.mov -vf scale=1920:-2 -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k harusi.mkv

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy -movflags +faststart harusi.mp4

Namba ya crf ikishuka ubora unapanda na faili linanenepa. Kati ya 18 na 23 panatosha. Tumepitia MKV kwa makusudi. Faharasa ya MP4 huandikwa mwisho kabisa, kwa hiyo stima ikipotea kazi ikiwa asilimia 95, faili lote halifunguki. MKV iliyokatika njiani inacheza mpaka pale ilipofika. Amri ya pili haibani upya, inahamisha tu, na inamalizika kabla chai haijapoa.

Flashi yangu ni 32GB na iko tupu, lakini filamu ya GB 6 inakataa kuingia. – Msomaji, Kayole

Imepangwa kwa FAT32, ambayo haibebi faili moja la kufikia GB 4. Ukiwa na hakika haina kitu ndani, bofya kitufe cha kulia juu yake, chagua Format, kisha exFAT. TV ikigoma kuisoma, jaribu NTFS.

Mafaili yako kwenye kompyuta ya sebuleni, nayacheza chumbani kwa Wi-Fi. 720p sawa, 1080p kubwa inasimama kila dakika. Mtandao wangu ni wa Mbps 20. – Msomaji, Pipeline

Mbps 20 ni za intaneti kuingia nyumbani. Faili linalotoka sebuleni kwenda chumbani halipiti huko, hivyo kuongeza kifurushi hakusaidii. Kinachokukwamisha ni redio ya 2.4GHz: katika ghorofa zilizobanana hivyo, ruta za majirani kumi zinagombania chaneli 1, 6 na 11. Kama ruta na laptopu zina 5GHz, hamia huko. Haipiti kuta vizuri, lakini hapo kwenu hiyo ni faida. Ikishindikana, vuta waya wa mtandao wa Cat5e. Hata tundu la zamani la Mbps 100 linapitisha megabaiti 11 kwa sekunde bila kuyumba, na Blu-ray ya 1080p haizidi megabiti 40 za picha, yaani megabaiti 5.

Faili linacheza laini kabisa kwenye TV kwa flashi, picha safi, ila halina sauti. Kwenye kompyuta sauti ipo. – Msomaji, Buruburu

Sauti hiyo huenda ni DTS, namna moja ya kubana sauti ya filamu, na TV nyingi haziisomi. Usibane filamu yote upya. Badilisha sauti peke yake:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k filamu2.mkv

Picha na manukuu yanapita kama yalivyo, kwa hiyo kazi ni ya dakika chache hata kwenye mashine dhaifu. Hakikisha diski ina nafasi ya faili la pili lenye ukubwa karibu na la kwanza, na usilifute la zamani kabla hujalijaribu jipya kwenye TV.